Jaribio la kuvuta metali zilizochapwa kwa 3D: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu umekusanya hitilafu zinazoripotiwa mara kwa mara na watu wanaovuta vipande vya metali iliyochapwa huku wakivitazama moja kwa moja, kwa kamera, kwa hadubini ya elektroni au kwa eksirei. Metali zinazozungumzwa ni zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha poda kwa leza, tabaka juu ya tabaka: chuma cha pua 316L, titani Ti-6Al-4V na alumini AlSi10Mg. Kila tabaka huwa na unene wa mikroni 30 hadi 60 hivi.

Utaratibu wa kutafuta kosa ni uleule kila mahali: kagua mtambo kwanza, kisha kipande na namna kilivyoandaliwa, na metali yenyewe iwe ya mwisho. Nasisitiza hili kwa sababu metali hizi zina tabia za kweli zinazofanana sana na kosa la mtambo. Mtu mmoja hutangaza ugunduzi ambao kumbe ni bolti iliyolegea. Mwingine hufuta data nzuri akidhani mtambo umeharibika. Hasara zote mbili ni kubwa, hasa pale ulipopewa zamu chache tu kwenye sinkrotroni (kituo kikubwa kinachotoa eksirei kali) baada ya kusubiri miezi.

Maneno matatu yatatumika kila mara. Mkazo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo la mkato wa kipande. Mrefuko ni nyongeza ya urefu ikigawanywa kwa urefu wa awali. Z ni uelekeo ambao tabaka zilipanda wakati wa kuchapa.

Dalili ya 1: Mstari wa mwanzo umelala, moduli ya Young ni ndogo mno

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Moduli ya Young ni mkazo ukigawanywa kwa mrefuko kwenye mstari huo wa mwanzo, yaani ugumu wa metali. Unavuta 316L ukitarajia karibu GPa 190, unapata 40.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni kwamba mrefuko umesomwa kwenye mwendo wa mtambo badala ya kwenye kipande. Mitambo midogo inayoingia ndani ya hadubini au mbele ya eksirei si migumu. Piga hesabu hii. Kipande chenye mkato wa milimita 2 kwa 1 na urefu wa kupimia wa milimita 10 kikibeba MPa 400, nguvu ni N 800, na chenyewe kimerefuka mikroni 21 tu. Kama fremu, skrubu na mataya kwa pamoja vina ugumu wa kN 10 kwa milimita, navyo vimejinyoosha mikroni 80. Mtambo unaripoti 101, na moduli inatoka karibu GPa 40. Hakuna ubaya wowote katika chuma chako.

Ukaguzi: weka alama mbili kwenye sehemu nyembamba ya kipande, zipige picha kabla na baada ya mzigo mdogo, upime zilivyoachana. Moduli ikirudi karibu na 190, umemaliza kazi. Kuna wanaovuta nondo nene ili wapime ugumu wa mtambo kisha waukate kwenye hesabu. Njia hiyo inasaidia kwa mirefuko mikubwa, lakini kwa moduli siiamini, kwa sababu ugumu wa mataya hubadilika kila yanapokazwa upya.

Kama mstari unaanza kwa kujipinda kisha unanyooka, kuna nafasi ya kucheza kwenye pini au mataya. Weka mzigo wa awali, kama asilimia 5 ya ule unaotarajia kipande kianze kulegea (kurefuka bila kurudi urefu wake), na uandike. Usirudishe kipima nguvu kwenye sifuri baada ya hapo. Ukifanya hivyo, mikazo yote itakayofuata itakuwa pungufu kwa kiasi hicho.

Kisha angalia kupinda. Vipande vyembamba vilivyochapwa mara nyingi hutoka kwenye bamba la msingi vikiwa na upinde kidogo, na mzigo wa kwanza wote huishia kuvinyoosha. Pima mrefuko wa uso wa mbele na wa nyuma. Zikitofautiana, tumia wastani wa pande mbili na urekebishe mpangilio wa mataya. Ukitazama upande mmoja tu, kosa hili hutaliona kamwe.

Linalosahaulika ni eneo. Uso ulioachwa kama ulivyotoka kwenye mashine ya kuchapa una mabonde na vilele, na maikromita hugusa vilele. Kipande kinachosomeka milimita 1 huku kila upande ukiwa na mikroni 50 zisizobeba mzigo kina milimita 0.9 tu za kazi. Mkazo wako umeandikwa asilimia 10 chini ya ukweli, na moduli vilevile. Kadiri kipande kinavyokuwa chembamba ndivyo kosa linavyokua. Piga msasa nyuso zote, au pima mkato kwa tomografia (picha za eksirei za pande zote zinazounganishwa kuwa umbo la 3D).

Ukishavuka yote hayo na moduli bado iko, tuseme, GPa 160, sasa sikiliza chuma. Punje za fuwele katika metali hizi hukua zikiwa ndefu kuelekea Z, zimesimama kama boriti kwenye ghala, na mara nyingi fuwele zake zimeelekea upande mmoja. Fuwele moja ya chuma cha pua cha aina hii ina moduli ya karibu GPa 100 ikivutwa kwenye ukingo wa mchemraba wake, na karibu 300 ikivutwa kwenye ulalo wa pembe hadi pembe. Kwa hiyo 160 yaweza kuwa ukweli mtupu. Thibitisha kwa kuvuta kipande kilichochapwa kwa uelekeo tofauti. Mtambo uleule ukitoa namba nyingine kwa mpangilio unaoeleweka, hiyo ni tabia ya metali, iandike bila woga.

Dalili ya 2: Kamera inaonyesha mrefuko kabla ya mzigo, au namba zinacheza

Hapa tunazungumzia mbinu ya DIC, ambapo programu hufuata madoadoa yaliyopuliziwa kwenye kipande kutoka picha hadi picha.

Anza na jambo lisilogharimu kitu: piga picha 10 bila kugusa mtambo, uiache programu izilinganishe. Namba zinazotoka ndicho kiwango chako cha chini cha kuamini. Ukikaa kwenye sehemu 100 hadi 200 kwa milioni, uko vizuri. Ukipata 1,000, acha, usianze jaribio, maana 316L huanza kulegea ikiwa imerefuka sehemu 2,500 hivi tu.

Namba zikiwa mbaya hata bila mzigo, visababishi kwa mpangilio wa kawaida ni madoadoa, mwanga na hewa. Doa moja lichukue pikseli 3 hadi 5. Dogo zaidi huidanganya programu, kubwa mno hupunguza uwezo wa kuona. Kila kisanduku cha kulinganisha kiwe na madoa matatu au zaidi. Taa zenye joto hupasha kipande na kutikisa hewa mbele ya lenzi. 316L hupanuka sehemu 16 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, kwa hiyo nyuzi 10 tu zinakupa sehemu 160 ambazo hakuna aliyezivuta. Tumia taa za LED, ziwashe mapema zitulie.

Namba zikiwa safi bila mzigo lakini zikaruka mzigo unapoanza, kipande kimesogea kuelekea kamera au kurudi nyuma. Ukitumia kamera moja, mrefuko wa uongo ni mwendo huo ukigawanywa kwa umbali wa lenzi. Kipande kikisogea milimita 0.1 na kamera iko milimita 500, umepata sehemu 200 kwa milioni, sawa na MPa 38 hivi kwenye 316L. Rudisha kamera nyuma na utumie lenzi ndefu, au kamera mbili, au lenzi ya telesentriki, ambayo ukubwa wa picha yake haubadiliki kipande kikisogea.

Halafu kuna saa. Kamera na kipima nguvu vikiwa kwenye kompyuta mbili tofauti, sekunde moja ya tofauti inatosha kufanya mrefuko uonekane umetangulia mzigo. Peleka ishara ya kipima nguvu kwenye kifaa kilekile kinachoamrisha kamera. Kulinganisha saa kwa macho hakutoshi.

Madoadoa yakianza kupotea kwenye mrefuko mkubwa, rangi imepasuka. Rangi iliyokaa siku nyingi hukauka na kuwa dhaifu, basi puliza siku ileile ya jaribio. Usitegemee ukwaruzo wa asili wa uso uliochapwa uwe madoadoa. Unavutia kwa macho, ila vilele vyake hutupa vivuli vinavyobadilika kipande kinapozunguka hata kidogo.

Dalili ya 3: Mzigo unashuka kila ukisimama kupiga picha

Hofu ya kwanza ni kwamba kipande kinateleza kwenye mataya. Tazama umbo la kushuka. Mzigo ukishuka haraka mwanzoni kisha polepole zaidi na zaidi hadi karibu kutulia, hiyo ni kulegea kwa mkazo kwa kawaida: mtambo umesimama, lakini ndani ya metali miendo midogo ya kasoro za fuwele inaendelea. Hakuna cha kutengeneza. Subiri kushuka kutulie ndipo upige picha, hasa kama skani ya tomografia ni ndefu, kwa sababu kipande kinachosogea wakati wa skani hutoa picha yenye kingo mbili. Kwenye mchoro, onyesha kila kituo mahali kilipo. Kuulainisha mstari ili uonekane mzuri ni kuficha data.

Mzigo ukishuka kwa ngazi za ghafla, hapo kweli kuna utelezi. Tafuta mikwaruzo mipya kwenye mabega ya kipande. Unga wa metali uliojaa kwenye meno ya mataya ndio sababu kuu. Usafishe kwa kitambaa kilicholowa, kamwe usiupulize kwa hewa ya kompresa.

Meno ya msumeno yanayojirudia kwenye mchoro wa aloi za alumini yenye magnesi ni jambo la tatu na ni la kweli: athari ya Portevin na Le Chatelier, ambapo atomi za magnesi hushika na kuachia kasoro za fuwele. Badilisha kasi ya kuvuta. Meno yakibadilika umbo au kutoweka kulingana na kasi, huku DIC ikionyesha mikanda inayotembea kwenye kipande, huo si utelezi.

*Simama na umwite fundi wa mtambo* kama kipima nguvu hakirudi kwenye sifuri baada ya kutoa kipande. Kimezidiwa, na kila namba baada ya hapo haina thamani. Kufungua na kukirekebisha mwenyewe hakufai. Kinahitaji kusanifishwa upya.

Dalili ya 4: Kipande kinakatikia kwenye taya, au nje ya picha

Kikikatikia kwenye taya kila mara, kosa ni la umbo au mpangilio: mabega yenye kona kali, meno yanayochimba, mvuto usionyooka. Ongeza duara la mabega na usawazishe mataya.

Kikikatikia katikati lakini nje ya eneo ulilolitazama, usilaumu mtu. Metali iliyochapwa huchagua mahali pa kukatikia kwa kufuata kitundu kibaya kuliko vyote, na mara nyingi hicho kiko karibu na uso, pale ambapo mistari ya kontua (njia ya leza inayozunguka ukingo) hukutana na mistari ya ndani ya leza. Skani kipande chote kabla ya kuvuta, tafuta kitundu kikubwa zaidi, na uelekeze kamera hapo. Njia ya pili ni kupunguza upana kidogo katikati ili kukatika kulazimike kutokea hapo. Ukifanya hivyo usiripoti mrefuko wa kukatika kama wa kipande cha kawaida. Miwani ya kinga ivaliwe wakati wote. Vipande vidogo vya Ti-6Al-4V huruka vikikatika.

Dalili ya 5: Ndani ya hadubini ya elektroni picha inahama au inakuwa nyeusi

Kuhama polepole: mota ya mtambo imepata joto, au kipande kinaendelea kulegea. Subiri. Mraba mweusi unaobaki mahali ulipotazama ni uchafu wa mafuta uliookwa na elektroni. Safisha kipande kwa asetoni kisha isopropanoli, vaa glavu, na usipake grisi ya kawaida kwenye skrubu zinazoingia kwenye ombwe. Vipande ambavyo havijapigwa msasa huficha poda ambayo haijayeyuka, nayo hudondoka ndani ya chemba, kwa hiyo lazima vioshwe kwa mawimbi ya ultrasoniki kabla.

*Simama hapohapo* kengele ya mguso ikilia, au mtambo wa kuvuta ukikaribia lenzi ya juu. Usijaribu kuurudisha kwa kubahatisha upande wa kuzungusha. Mwite msimamizi wa hadubini.

Dalili ya 6: Tomografia inaonyesha vitundu vingi mno, au haionyeshi kitu

Picha yenye giza na michirizi maana yake eksirei haipiti. Kwa keV 20 (keV ni kipimo cha nishati ya eksirei), milimita 1 ya alumini hupitisha takriban asilimia 40, lakini milimita 1 ya titani haipitishi hata asilimia 1, na ya chuma haipitishi kitu. Chuma kinahitaji nishati kubwa zaidi: kwa keV 80, milimita 1 hupitisha karibu asilimia 60. Kama nishati imefungwa, punguza unene wa kipande.

Vitundu vinapojaa kila mahali, shuku kizingiti cha kutenganisha rangi. Sheria ninayoishika ni kwamba kitundu kisichofika vokseli 3 (vokseli ni pikseli ya picha ya 3D) kwa upana hakihesabiwi. Ukiona duara moja ndani ya jingine, hilo ni kosa la pikseli mbovu za kigunduzi, si tabaka.

Vile vilivyobaki, visome kwa umbo. Vya duara safi ni gesi iliyonaswa. Vilivyobapa, vyenye kingo kali, vikilala kati ya tabaka, ni mahali ambapo poda haikuyeyuka vizuri, na ndivyo hatari zaidi ukivuta kwenye Z kwa sababu mvuto huvifungua kama midomo. Vikubwa vilivyo chini ya njia ya leza, hasa mahali inapogeuka, hutokana na leza kuchimba kwa kina kupita kiasi.

Vitundu vya AlSi10Mg vikiwa vikubwa kuliko ulivyoviona kabla, na jaribio bado halijaanza, uliza kama kipande kilipashwa joto kati ya skani hizo mbili. Kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi 500 gesi iliyonaswa hupanuka ndani ya alumini iliyolainika.

Dalili ya 7: Pete za difraksheni zina madoa, au mkazo si sifuri kabla ya kuvuta

Difraksheni ni mwale kutawanywa na safu za atomi na kuchora pete kwenye kigunduzi. Madoa badala ya pete laini maana yake mwale umegusa punje chache mno. Panua mwale, au kitikise kipande polepole wakati wa kupiga picha. Pete zenye mapengo yanayojirudia kwa ulinganifu ni jambo jingine: mwelekeo wa pamoja wa fuwele, uliokwisha kutajwa. Kwa 316L, fuata pete ya 311 (namba hizi hutaja safu za atomi zinazotoa pete) kama unataka kulinganisha na mkazo wa kipande kizima, na 200 kama unataka kuona fuwele laini zaidi zinavyobeba mzigo.

Mkazo usio sifuri mwanzoni unaweza kuwa wa kweli kabisa. Kuyeyuka na kuganda kwa kila tabaka huacha mikazo mikubwa ndani, na kipande kilichokatwa kwenye bamba bila kutulizwa tanurini hujipinda mara msumeno unapotoka. Lakini kabla ya kuripoti, angalia kipimo chako cha marejeo. Umbali wa tabaka za atomi usio na mkazo lazima upimwe kwenye aloi ileile, kutoka uchapaji uleule, iliyokatwa vipande vidogo sana ili mikazo itoke. Kutumia namba ya kitabu hapa ni kosa linalogharimu mamia ya MPa.

Titani isipashwe joto kwenye tanuri la hewa ya kawaida. Hunywa oksijeni na kupata ganda gumu linalopasuka mapema, nawe utaanza kutafuta sababu kwenye leza. Tumia argoni au ombwe, na kama huna tanuri hilo, mpe anayelijua.

*Simama na umwite mtu wa usalama wa mionzi* kama kufuli ya chumba cha mwale haifanyi kazi ilivyozoeleka. Hakuna haraka ya zamu inayohalalisha kuichezea. Na kama ulitumia nyutroni, kwa mfano kwenye vituo vya nyutroni vya ISIS kule Harwell au ILL Grenoble, usiweke kipande mfukoni baada ya jaribio. Kobalti kidogo iliyomo kwenye chuma huweza kugeuka kuwa na mnururisho, na lazima kipimwe kabla ya kuruhusiwa kutoka.

Dalili ya 8: Vipande pacha vinatoa majibu tofauti

Kabla ya yote, hakikisha havikuchanganywa. Lebo zinazofutika kwenye kuosha zimepoteza Z ya vipande vingi kuliko hitilafu nyingine yoyote. Chora alama kwenye bega la kipande kikiwa bado kwenye bamba.

Halafu tazama mahali kila kipande kilipokaa kwenye bamba. Gesi ya argoni hupita kwa upande mmoja, ikibeba moshi na cheche, na vipande vya upande wa kutokea gesi hupata uchafu zaidi. Ukitaka kulinganisha vipimo viwili, usichukue cha kona hii na cha kona ile. Baada ya hapo uliza umri wa poda: ilitumika mara ngapi, ilihifadhiwa wapi, kama ililowa unyevu. Kwa alumini unyevu huzaa vitundu.

*Usiifungue wala kuichekecha poda ya alumini au titani mwenyewe* ili uichunguze. Inalipuka ikitimka hewani, na moto wake hauzimwi kwa maji. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, wenye vifaa vya kutuliza umeme tuli na kizima moto cha metali.

Unapoomba msaada

Afrika bado haina sinkrotroni yake, kwa hiyo wengi wetu tunafanya majaribio haya ugenini, Grenoble, Hamburg au Harwell, na msaada hutolewa kwa barua pepe baada ya zamu ya saa 8 kwisha. Anayekusaidia hawezi kukisia. Mtumie picha ya kipande kikiwa kwenye mataya, vipimo vya mkato na jinsi vilivyopimwa, uelekeo wa Z, joto kilichopewa baada ya kuchapwa, kasi ya kuvuta, jozi za picha zisizo na mzigo, na faili ghafi la mzigo na muda. Mchoro uliolainishwa usiutume.